Tovuti Yako na Sheria: Hatua za Kufuata Kabla Barua ya Wakili Haijafika

Wenye tovuti wengi hulikumbuka suala la sheria mwishoni kabisa. Tovuti imeshapendeza, bidhaa zimepangwa, malipo yanapita, ndipo mtu anashtuka kwamba chini ya ukurasa panatakiwa pawe na "Sera ya Faragha" na "Vigezo na Masharti". Anaingia kwenye tovuti ya kampuni kubwa, ananakili, anabadilisha jina, anabandika.

Hatari iko hapo hapo. Sera ya faragha ni ahadi kwa umma, na ahadi uliyoiokota kwa mwingine inaeleza mambo usiyoyafanya na kuficha unayoyafanya. Mwaka 1998 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza shauri lake la kwanza kuhusu faragha kwenye intaneti, na mlengwa alikuwa GeoCities. Tuhuma yenyewe ilieleweka kirahisi: watu waliambiwa kwamba taarifa walizojaza wakati wa kujiunga hazitatolewa kwa wengine bila ruhusa yao, kisha taarifa hizo zikafika mikononi mwa wengine. Marekani haikuwa na sheria moja ya jumla ya faragha, na hadi sasa haina katika ngazi ya shirikisho. Kilichoibana kampuni ni maneno yake yenyewe.

Ndiyo maana katika mwongozo huu maandishi ya kisheria hayaji mwanzo. Kwanza ujue tovuti ni ya nani, inafanya nini na inamgusa nani. Ukishayajua hayo, kuandika sera na masharti si kazi ngumu.

Hatua ya 1: Hakikisha tovuti ni yako kweli

Ingia kwenye akaunti ya kampuni inayosajili domeini yako, yaani jina la anwani ya tovuti. Kama huna nywila, simamisha mengine yote ushughulikie hilo. Mara nyingi domeini ilisajiliwa na fundi aliyetengeneza tovuti, kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kwa sababu siku ile ndiyo ilikuwa njia ya haraka. Mkiwa mnaelewana hakuna anayelitambua tatizo. Mkigombana, akihama au akifariki, kampuni ya usajili itamtambua mtu mmoja tu: yule aliyeandikwa kuwa mmiliki.

Ndani ya akaunti, angalia jina la mmiliki kwanza. Liwe la biashara au lako, si la fundi wala la mfanyakazi. Kisha tazama barua pepe ya akaunti. Watu wengi makini hukosea hapa: wanaweka barua pepe inayotumia domeini hiyohiyo. Domeini ikiisha muda, barua pepe nayo inakufa, na ujumbe wa kukukumbusha au wa kubadilisha nywila haufiki popote. Weka anwani isiyotegemea domeini hiyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, funga uhamisho wa domeini kwenda kampuni nyingine, na ruhusu malipo ya kuhuisha yajilipe yenyewe. Kwa domeini kama .com, baada ya usajili kufutwa kuna kipindi cha siku 30 ambacho mmiliki bado anaweza kuikomboa, kwa kawaida kwa gharama kubwa kuliko ya kuhuisha. Kikipita, yeyote anaweza kuichukua.

Umiliki wa kazi yenyewe ni jambo jingine. Katika nchi nyingi, kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri, lakini fundi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki ya alichobuni hadi aihamishe kwa maandishi. Kumlipa kunakupa haki ya kukitumia; hakukupi umiliki. Sentensi kama hizi kwenye mkataba zinatosha kuanzia:

"Mtengenezaji anahamisha kwa Mteja hakimiliki yote ya kazi aliyoibuni kwa ajili ya tovuti hii, mara malipo yatakapokamilika. Programu, picha na fonti za watu wengine zilizotumika zimeorodheshwa kwenye kiambatisho pamoja na leseni zake."

Sentensi ya pili wengi huisahau, na ndiyo itakayokuokoa baadaye utakapoulizwa picha fulani ilitoka wapi.

Jina nalo lina sheria yake. Domeini kuwa wazi kununuliwa haina maana kwamba una haki ya kulitumia jina hilo kibiashara. Tafuta kwanza kwenye daftari la alama za biashara la kila nchi unakotaka kuuza. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya domeini, uliowekwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini, na kufahamika kama UDRP. Mwenye alama ya biashara anaweza kukunyang'anya domeini bila kwenda mahakamani akithibitisha mambo matatu kwa pamoja: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Njia hiyohiyo ipo kwako pia, kama kuna aliyekuwahi kwa nia ya kukuuzia jina lako. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, hutoza dola 1,500 za Marekani kwa shauri la domeini moja hadi tano mbele ya msuluhishi mmoja. Domeini za kitaifa mara nyingi zina taratibu zake.

Hatua ya 2: Orodhesha kila tovuti inachokusanya na inakokipeleka

Chukua karatasi au jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza andika taarifa, ya pili inaingilia wapi, ya tatu unaihitaji kwa nini, ya nne nani mwingine anaipata, ya tano inakaa muda gani.

Vinavyoonekana ni rahisi: fomu ya mawasiliano, fomu ya oda, kujiunga na jarida, akaunti za wateja. Visivyoonekana ndivyo vinavyoleta kesi. Seva inarekodi anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, ya kila anayefungua ukurasa. Ramani, video, vitufe vya mitandao ya kijamii, programu ya kuhesabu wageni, hata fonti (miundo ya herufi), vyote vinaweza kuwa vinapeleka taarifa za mgeni kwenye kampuni nyingine kabla hajabofya chochote.

Usikubali kuambiwa tu, jionee. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta kwa dirisha la faragha, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Itashuka orodha ya kila anwani ambayo ukurasa umewasiliana nayo. Tenga zenye domeini yako na zisizo yako. Kila isiyo yako iulizie: ni ya nani, imewekwa na nani, inafanya kazi gani? Kwenye tovuti iliyotengenezwa na mafundi wawili watatu kwa miaka kadhaa, hutakosa kukuta kitu ambacho hakuna anayekumbuka kilikuja lini. Kisicho na kazi kiondoe. Hakuna sera nzuri kuliko kutokusanya.

Ukiona hili ni kujisumbua, tazama kilichotokea Ujerumani. Januari 2022 Mahakama ya Wilaya ya München ilimwamuru mwenye tovuti amlipe mgeni fidia ya euro 100. Kosa lilikuwa fonti. Tovuti iliziita kutoka seva za Google, na kwa kufanya hivyo ikapeleka anwani ya IP ya mgeni Marekani bila ridhaa yake. Euro 100 si nyingi, lakini baada ya hukumu hiyo lilifuata wimbi la barua za madai kwa wenye tovuti nchini humo. Dawa yake ni kazi ya dakika chache: pakua fonti, ziweke kwenye seva yako mwenyewe.

Kuhusu kadi za benki, usipokee namba kwenye fomu yako mwenyewe. Acha kampuni ya malipo iipokee kwenye ukurasa wake. Na ile namba ya usalama iliyo nyuma ya kadi haihifadhiwi kabisa baada ya malipo kuidhinishwa. Kanuni za kampuni za kadi, PCI DSS, zinakataza, hata kama umeifunga kwa msimbo.

Hatua ya 3: Jua sheria za nchi zipi zinakugusa

Tovuti inafunguka kila mahali, lakini si kila sheria duniani inakuhusu. Kwa kawaida zinazokugusa ni za nchi biashara yako ilikosajiliwa, na za nchi ambako unawalenga wateja kwa makusudi.

Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaonyesha vizuri jinsi jambo hili linavyopimwa. Inaigusa biashara iliyo nje ya Ulaya kama inawauzia au kuwapa huduma watu walioko huko, hata bure, au kama inafuatilia mienendo yao. Tovuti kufunguka tu ukiwa Ulaya hakutoshi. Lakini ukiweka bei kwa euro ilhali fedha yako ni nyingine, ukatumia lugha ya huko au ukawataja wateja wako wa huko, unajenga ushahidi kwamba unawalenga. Faini zake zinaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani kote, kile kilicho kikubwa.

Sheria za aina hii zimeenea. Kenya na Uganda zilitunga zao 2019, Tanzania 2022, Brazili 2018, na ile ya Afrika Kusini ilianza kufanya kazi Julai 2020. Zinatofautiana kwenye usajili, ada na adhabu, ila uti wa mgongo ni mmoja: uwe na sababu halali ya kukusanya, umwambie mhusika, uchukue kinachohitajika tu, ukilinde, ukifute kazi ikiisha. Nyingine zinakutaka ujisajili kwa mamlaka ya ulinzi wa data. Hilo uliangalie mapema, kwa kuwa kutojisajili ni kosa peke yake hata kama hujamdhuru mtu.

Hatua ya 4: Sasa andika sera ya faragha

Ukiwa na lile jedwali la hatua ya 2, sera ni kuyageuza yaliyomo kuwa sentensi. Linganisha hizi mbili.

Ya kwanza: "Tunaweza kukusanya taarifa mbalimbali kwa lengo la kuboresha huduma zetu na kuzishirikisha kwa washirika wetu teule."

Ya pili: "Ukijaza fomu ya oda tunachukua jina lako, namba ya simu na anwani. Tunampa msafirishaji hayo matatu ili akufikishie mzigo, hatumpi kingine. Kumbukumbu ya oda tunaitunza kwa muda ambao sheria ya kodi inatutaka, kisha tunaifuta."

Ya kwanza imeandikwa na mtu anayejihami, na bado haimkingi, kwa sababu haisemi nani, nini wala kwa muda gani. Ya pili mteja anaielewa na mkaguzi hana cha kuuliza. Andika yote kwa mtindo huo: wewe ni nani na unapatikana wapi, unachukua nini, kwa sababu gani, nani mwingine anapata, inakwenda nchi gani, inakaa hadi lini, na mhusika afanye nini akitaka kuona, kusahihisha au kufuta taarifa zake. Chini weka tarehe ya toleo, na matoleo ya zamani usiyatupe.

Haki hizo si mapambo. Chini ya GDPR una mwezi mmoja wa kujibu mtu anayetaka nakala ya taarifa zake. Amua sasa nani atashughulikia barua hizo. Huyo mtu ahakikishe kwanza kwamba anayeomba ndiye mwenyewe, maana matapeli hutumia haki hii kuchota taarifa za wengine.

Kuki, yaani faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kifaa cha mgeni, zinahitaji uangalifu wa pekee. Zile ambazo tovuti haiwezi kufanya kazi bila hizo, kama ya kukumbuka kapu la manunuzi, haziombewi ruhusa Ulaya. Za kuhesabu wageni na za matangazo huombewa. Tarehe 1 Oktoba 2019, kwenye shauri la Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ridhaa. Mtu lazima atende kitu mwenyewe. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukubali kuki kulihitaji mbofyo mmoja, ilhali kukataa kulihitaji kadhaa. Basi weka "Kataa" jirani na "Kubali", kwa ukubwa uleule. Kisha rudi kwenye F12: bofya "Kataa", pakia ukurasa, uone kama wafuatiliaji wamenyamaza kweli. Tovuti nyingi zina bango zuri lisilozuia chochote, na hilo ni baya kuliko kukosa bango, kwani umemuuliza mtu halafu ukampuuza.

Kama watoto wanatumia tovuti yako, tafuta ushauri kabla ya kukusanya lolote. Marekani inataka idhini ya mzazi kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Ulaya mpaka ni miaka 16, na kila nchi inaweza kuushusha hadi 13.

Hatua ya 5: Kila picha, maandishi na fonti iwe na karatasi yake

Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao sasa una nchi zaidi ya 180, kazi inalindwa mara tu inapoumbwa. Hakuna haja ya kuisajili wala kuweka alama ya hakimiliki. Kwa hiyo picha uliyoikuta kwenye injini ya kutafutia ina mwenyewe, hata kama haina jina wala onyo.

"Lakini nimetaja chanzo." Utetezi huu husikika kila siku, na kwa picha hausaidii. Mwanafunzi mmoja wa shule nchini Ujerumani aliandaa kazi ya darasani, akaweka humo picha ya mji wa Córdoba aliyoikuta kwenye tovuti ya safari, akaandika imetoka wapi. Shule ikaiweka kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpiga picha alikuwa ameiruhusu tovuti ya safari tu. Tarehe 7 Agosti 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuipakua picha na kuiweka upya kwenye tovuti nyingine ni kuifikisha kwa umma mpya, na ruhusa mpya inahitajika. Ikiwa shule imeambiwa hivyo kwa kazi ya mwanafunzi, biashara isitegemee kuhurumiwa.

Fungua folda moja, na kwa kila picha weka: faili la asili, ulipoitoa, tarehe, leseni, na picha ya skrini ya ukurasa wa leseni siku hiyo. Picha ya skrini ni muhimu kwa sababu aliyeitoa bure leo anaweza kuiondoa kesho, na utabaki huna cha kuonyesha. Kwenye leseni za Creative Commons, zinazoruhusu watu kutumia kazi ya mwingine kwa masharti, soma herufi zote. BY inataka umtaje mwenye kazi, uweke kiungo cha leseni na useme kama umebadilisha kitu. NC inakataza matumizi ya kibiashara, hivyo tovuti ya biashara iziepuke zote zenye herufi hizo. ND inakuzuia kusambaza kazi uliyoibadilisha.

Fonti iliyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta si lazima iwe na leseni ya tovuti. Picha ya mtu inahitaji ruhusa mbili: ya aliyepiga na ya aliyepigwa, hasa ukiitumia kutangazia bidhaa. Na ukitengeneza nembo au picha kwa akili unde, jua kwamba Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na mchango wa kibinadamu. Unaweza kuitumia, ila ukakosa namna ya kumzuia mshindani anayeinakili. Nembo yako kuu mpe msanii.

Hatua ya 6: Masharti ya matumizi, na namna ya kuyafanya yakubalike

Masharti mazuri yaliyofichwa ni sawa na kutokuwa nayo. Kwenye kesi ya Specht dhidi ya Netscape, mwaka 2002, watu walipakua programu kwa kubofya kitufe. Taarifa ya masharti ilikuwa chini ya kitufe hicho, mahali ambapo ungepaona tu kwa kuendelea kushusha ukurasa. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hawakukubali mkataba ambao hawakuwa na sababu ya kujua upo.

Kwa mteja anayenunua au kufungua akaunti, weka kisanduku kitupu chenye maneno "Nimesoma na kukubali Vigezo na Masharti", kiungo kikifungua masharti yenyewe, kabla ya kitufe cha kulipa. Mfumo uhifadhi tarehe, saa na toleo la masharti aliyoyakubali. Bila kumbukumbu hiyo, miaka miwili baadaye hutaweza kuthibitisha alikubali nini.

Ndani andika bei ya mwisho pamoja na kodi na usafirishaji, muda wa kufikisha, jinsi ya kurudisha bidhaa, na mnavyomaliza malalamiko. Usipoteze nguvu kwenye vifungu vya kukataa kila dhima. Sheria za kulinda walaji haziondolewi kwa masharti, na kifungu kinachojaribu kuziondoa kwa kawaida hakina nguvu. Ukiwauzia watu wa Umoja wa Ulaya kwa mtandao, mlaji ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu kwa bidhaa nyingi. Usipomwambia kuhusu haki hiyo, muda unaongezeka kwa miezi 12. Adhabu hiyo ni ya kukaa kimya tu, na inaepukika kwa aya moja.

Hatua ya 7: Jiandae kwa yale wageni watakayoandika

Tovuti yenye maoni, tathmini za wateja au sehemu ya kupakia picha inachapisha maneno ya watu wengine. Nani anawajibika? Hapa dunia imegawanyika. Marekani, kifungu cha 230 cha sheria ya 1996 kinamkinga kwa mapana mwenye tovuti dhidi ya kuhesabiwa mchapishaji wa maneno ya mtumiaji. Ulaya kinga ipo lakini ina masharti. Tovuti ya habari ya Delfi, Estonia, mwaka 2006 ilichapisha habari kuhusu kampuni ya feri, na wasomaji wakaandika maoni ya matusi na vitisho dhidi ya mwenye hisa wa kampuni hiyo. Yaliondolewa siku ileile mawakili walipoandika, lakini yalikuwa yameshakaa wiki kadhaa. Mahakama za Estonia zilitoa fidia ya euro 320, na mwaka 2015 Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu likakubali kwamba uhuru wa kujieleza haukuvunjwa. Delfi ilikuwa tovuti kubwa ya kibiashara, na mahakama ililitilia uzito hilo.

Kinachokulinda karibu kila mahali ni kuchukua hatua haraka baada ya kuarifiwa. Weka kiungo cha "Ripoti" karibu na kila andiko, na anwani moja ya barua pepe inayosomwa kila siku. Kila malalamiko yaandikwe: yamekuja lini, yanahusu nini, nani ameyapitia, ameamua nini. Matusi ya wazi na vitisho viondolewe mara moja. Madai ya kashfa yapime kwanza, kwa sababu wapo wanaoyatumia kufuta ukweli usiowapendeza, na mteja aliyeeleza huduma mbovu aliyoipata ana haki ya kusikika.

Kwa hakimiliki, sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inampa kinga mwenye tovuti anayeondoa kazi iliyolalamikiwa, mradi amesajili wakala wa kupokea malalamiko kwenye Ofisi ya Hakimiliki. Ada ni dola 6, na usajili unahuishwa kila baada ya miaka mitatu. Wengi hupoteza kinga kwa kusahau kuhuisha.

Hatua ya 8: Barua pepe, matangazo na ufikivu

Hapa nitapita haraka. Usinunue orodha ya barua pepe. Marekani, sheria ya CAN-SPAM ya 2003 inataka anwani yako ya posta kwenye kila ujumbe wa biashara, na anayejitoa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Ulaya kwa kawaida unahitaji ridhaa kabla ya ujumbe wa kwanza. Timiza masharti ya pande zote mbili. Andiko lililolipiwa liandikwe kwamba limelipiwa, juu, si chini kabisa. Tathmini za kutunga ziache. Tangu Oktoba 2024 Marekani ina kanuni mahususi inayozipiga marufuku kwa faini.

Tovuti itumike pia na asiyeona na asiyeweza kushika kipanya. Kipimo kinachotambulika ni mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C, na tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Ulaya inataka biashara nyingi za mtandaoni zifikike na watu wenye ulemavu. Anza kwa kujaribu kununua bidhaa kwenye tovuti yako kwa kibodi peke yake. Ukikwama, kuna mteja anayekwama hapo kila siku.

Hatua ya 9: Panga mapema siku ya matatizo

Taarifa za wateja zikivuja, GDPR inakupa saa 72 tangu ujue kuiarifu mamlaka, kama kuna hatari kwa wahusika. Sheria ya Kenya nayo imeweka saa 72. Muda huo hautoshi kuanza kutafuta namba za simu. Andika sasa kwenye ukurasa mmoja: nani anazima nini, nani anampigia fundi, mamlaka inafikiwa vipi, nakala rudufu ziko wapi. Uchapishe kwenye karatasi, kwa kuwa siku hiyo huenda kompyuta zisifunguke.

Barua ya madai ikifika, usiipuuze na usilipe siku hiyohiyo. Kwanza piga picha ya skrini ya ukurasa unaolalamikiwa pamoja na tarehe, kisha ndipo uiondoe picha au andiko lenyewe. Ukifuta kabla ya kuhifadhi, umejinyima ushahidi. Halafu angalia kama mdai ametaja haki anayodai, ameonyesha kwamba ni yake, na kiasi kimekokotolewaje. Barua nyingi hutumwa kwa maelfu na mitambo, nyingine ni utapeli mtupu, na baadhi ni za haki kabisa. Lile folda la leseni litakuambia upesi yako ni ipi. Usitie saini hati ya kuahidi kutorudia kosa bila wakili kuisoma. Ujerumani hati ya namna hiyo hubeba adhabu ya fedha kila ukirudia, na kuivunja ni rahisi: nakala moja ya picha iliyosahaulika kwenye seva inatosha.

Kama karatasi imetoka mahakamani na si kwa wakili wa mtu, mambo ni tofauti. Humo kuna tarehe ya mwisho ya kujibu. Mpelekee wakili siku hiyohiyo, hata kama unaamini dai ni la uongo, kwa sababu mdaiwa asiyejibu kwa wakati anaweza kutolewa hukumu bila upande wake kusikilizwa.